Tuitazame Tycho: hotuba kuhusu kasoko moja ya nyanda za juu za Mwezi

(Haya ni maandishi kamili ya hotuba niliyoitoa mbele ya wapenzi wa elimu ya anga. Nimeyaandika kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani hazimo. Penye picha nimeeleza kwa maneno.)

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, wazazi, na ninyi vijana: hamjambo?

Nimealikwa nizungumzie Mwezi. Mwezi ni mkubwa na muda niliopewa ni mfupi, kwa hiyo nina ombi moja kwenu. Tusiuzungumzie Mwezi wote. Tuchague mahali pamoja, tukae hapo, tupachunguze mpaka paseme. Mahali nilipopachagua ni kasoko, yaani shimo kubwa la duara, inayoitwa Tycho.

Nani hapa amewahi kuiona Tycho? Inueni mikono.

Mikono ni michache. Basi nawaambieni kwamba karibu nyote mmeiona, ila hamkuambiwa jina lake. Usiku wa mwezi mpevu, tazameni upande wa kusini wa Mwezi. Mtaona doa jeupe linalong'aa, na kutoka kwenye doa hilo mistari mirefu myeupe inatawanyika kila upande, mingine ikivuka hata madoa meusi tunayoyaita bahari. Doa hilo ndilo Tycho. Kwa mtu aliye mbali kaskazini mwa dunia, kusini mwa Mwezi huwa chini. Kwa aliye mbali kusini, huwa juu. Na kwa aliye karibu na ikweta, Mwezi unapochomoza Tycho huwa upande wa kulia, na Mwezi unapotua huwa upande wa kushoto. Macho yanatosha kuliona doa lenyewe. Mkiwa na darubini ndogo ya mkononi, mistari ile itawashangaza.

Lakini mkitaka kuliona shimo lenyewe, msingoje mwezi mpevu. Ngojeni siku ya nane au ya tisa baada ya mwezi kuandama, wakati jua linapoanza kupanda juu ya Tycho. Hapo kuta zake zinatupa vivuli virefu, na katikati ya giza la shimo kinatokeza kilele kimoja kilichokwisha kupata jua kabla ya sakafu inayokizunguka. Upana wa shimo hilo ni kilomita 85. Kutoka ukingoni hadi sakafuni ni kilomita 4.7 hivi. Kilele cha katikati kinainuka takriban kilomita 2 juu ya sakafu.

Wazee wa elimu hii waliitazama Tycho tangu darubini zilipoanza kuelekezwa Mwezini. Pierre Gassendi wa Ufaransa, kwa jinsi alivyoona mistari ile yote ikianzia hapo, aliiita kitovu cha Mwezi. Michael van Langren, katika ramani yake ya mwaka 1645, aliipa jina la mfalme wa Poland. Johannes Hevelius akaipa jina la Mlima Sinai. Jina lililodumu ni lile alilolichagua Giovanni Riccioli mwaka 1651, kwa heshima ya Tycho Brahe, mnajimu wa Denmark aliyefariki mwaka 1601. Mimi naona Riccioli alichagua vema. Brahe hakuwahi kutazama ndani ya darubini hata siku moja. Alifariki kabla haijaelekezwa angani. Alipima anga kwa macho yake na vyombo vya pembe, usiku baada ya usiku, kwa miaka mingi, na vipimo vyake vya sayari ya Mirihi ndivyo vilivyomwezesha Johannes Kepler kugundua kwamba njia ya sayari si duara bali ni duaradufu. Kasoko inayoonekana kwa macho matupu imepewa jina la mtu aliyeifahamu mbingu kwa macho matupu.

Sasa twende kwenye swali lenyewe. Ni nini kilichochimba shimo hili?

Msidhani jibu lilikuwa wazi. Kwa muda mrefu sana wataalamu wengi waliamini kwamba kasoko za Mwezi ni vinywa vya volkano. Walikuwa na sababu. Mashimo ya duara yenye kingo zilizoinuka waliyoyafahamu hapa duniani yalikuwa ya volkano. Tena kulikuwa na hoja iliyowasumbua hata wale waliofikiria vimondo: kasoko za Mwezi karibu zote ni duara. Jiwe likitupwa ardhini kwa mshazari huacha alama ndefu. Mawe ya angani huja kutoka kila upande. Yangewezaje kuacha maduara matupu?

Sikilizeni habari za mtu mmoja, Grove Karl Gilbert, mwanajiolojia wa Marekani. Mwaka 1891 alikwenda Arizona kuchunguza shimo lenye upana wa zaidi ya kilomita moja, ambalo pembezoni mwake palikuwa na vipande vya chuma kutoka angani. Alifikiri kwamba kama kimondo kikubwa cha chuma kilianguka pale, basi bado kimezikwa chini ya shimo na sumaku itakitambua. Alipima. Sumaku haikuonyesha kitu. Akapima ujazo wa shimo na wa udongo uliotupwa nje. Hesabu haikuacha nafasi ya kimondo kikubwa kilichozikwa. Akaamua kwamba shimo lile limetokana na mlipuko wa mvuke wa volkano. Mwaka uliofuata, mtu huyohuyo alikaa usiku mwingi kwenye darubini kubwa mjini Washington akiutazama Mwezi, kisha akaandika kwamba kasoko za Mwezi zimetokana na vitu vilivyoanguka kutoka angani!

Mnaona? Mashimo ya juu, kule Mwezini, aliyapatia. Shimo lililokuwa chini ya miguu yake alilikosa. Na si kwamba alikuwa mzembe. Alipima kwa uangalifu kuliko wote wa wakati wake. Alichokikosa ni kujua kinachotokea mwendo unapozidi mno.

Kitu kinachougonga Mwezi huja kwa mwendo wa kilomita 20 hivi kwa kila sekunde. Kwa kila sekunde, si kwa saa. Kwa mwendo huo, kila kilo moja ya jiwe inabeba nishati inayozidi ile ya kilo 40 za baruti ya TNT. Jiwe la namna hiyo halichimbi ardhi. Linalipuka. Nishati yote inaachiliwa ndani ya mwamba kwa mara moja, wimbi la mshtuko linasambaa pande zote, na jiwe lenyewe linavunjikavunjika, linayeyuka, sehemu yake inageuka mvuke. Ndiyo sababu Gilbert hakukikuta chuma chake. Ndiyo sababu shimo huwa duara hata jiwe likija kwa mshazari, kwa kuwa mlipuko haujali jiwe limetoka upande gani, isipokuwa likija limelala kabisa. Ernst Öpik wa Estonia alilieleza jambo hili mwaka 1916, na Algernon Gifford wa New Zealand akalieleza mwaka 1924, lakini wachache waliwasikiliza. Ilichukua hadi mwaka 1960, wakati Eugene Shoemaker na Edward Chao walipotambua katika miamba ya lile shimo la Arizona madini yanayoitwa koesiti, ambayo huhitaji shinikizo kubwa kupita kiasi ili kuumbika. Volkano haifikishi mwamba wa juu ya ardhi kwenye shinikizo hilo. Mgongano unafikisha.

Basi tuirudie Tycho. Asteroidi, yaani jiwe kubwa linalolizunguka Jua, yenye upana wa kilomita kadhaa ilianguka kwenye nyanda za juu za kusini. Shimo la kwanza lilikuwa na kina kuliko hili tulionalo, nalo halikudumu. Mwamba uliopigwa kwa nguvu ile uliacha kwa muda kuwa na tabia ya mwamba, ulitiririka. Sakafu iliyosukumwa chini iliruka juu, kama maji yanavyoruka katikati pale tone linapoangukia ndani ya bakuli, ila hapa kilichoruka kiliganda kikiwa bado kimesimama. Hicho ndicho kile kilele cha katikati. Kuta nazo zikaporomoka kuelekea ndani, zikaacha ngazi kubwa kubwa zinazoonekana mpaka leo. Mwamba ulioyeyuka ukatanda sakafuni na kupoa, ukapasuka nyufa. Shimo na mlima wake vilikamilika kwa dakika, si kwa miaka. Nilipolielewa jambo hilo mara ya kwanza sikulala vizuri: mlima wa kilomita mbili, kwa dakika chache!

Na mlima huo hutoa zawadi. Mwamba wake umetoka kilomita nyingi chini ya uso wa Mwezi, mahali ambapo hatuna chombo cha kuchimba mpaka kufika. Mwezi Juni 2011, chombo cha Marekani kinachoitwa Lunar Reconnaissance Orbiter kilikipiga picha kilele hicho kutoka ubavuni, jua likiwa linachomoza. Juu kabisa ya kilele kunaonekana jiwe moja lililokaa peke yake, lenye upana wa mita 120 hivi. Jengeni picha akilini: jiwe kubwa kuliko uwanja wa mpira, juu ya kilele.

Naomba sasa niwaeleze habari ya joto, kwa sababu watu wengi hawajaisikia.

Mwezi unapopatwa, kivuli cha Dunia kinaufunika, na kwa saa chache uso wake unakosa jua. Hauna hewa ya kuhifadhi joto, kwa hiyo unapoa upesi mno. Mwaka 1960, wataalamu waliokuwa wakipima joto la Mwezi wakati wa kupatwa waligundua kwamba Tycho haikupoa pamoja na jirani zake. Ilibaki na joto la makumi ya digrii zaidi. Je, kulikuwa na moto chini yake? Volkano iliyolala? Desemba 1964, John Saari na Richard Shorthill waliitumia darubini kubwa ya Kottamia, nchini Misri, kuupima uso wote wa Mwezi wakati wa kupatwa. Wakakuta mahali kama Tycho pakiwa mamia kwa mamia.

Sababu haikuwa moto. Sehemu kubwa ya uso wa Mwezi imefunikwa na vumbi laini, na vumbi hilo halishiki joto. Jua likiondoka, joto nalo linaondoka. Mawe makubwa hushika joto lake kwa muda. Tycho ina mawe mengi kwa sababu ni changa. Kasoko kongwe pia zilikuwa na mawe, lakini vimondo vidogo vidogo vimeyapondaponda kwa mamilioni ya miaka mpaka yakawa vumbi. Hata weupe wa ile mistari ni habari hiyohiyo: ni mwamba mpya uliopondwa na kutupwa mbali, ambao upepo wa jua na vimondo vidogo bado havijaufifisha. Ngojeni miaka ya kutosha na mistari hiyo itapotea. Kasoko ya Copernicus, yenye umri unaokadiriwa kuwa miaka milioni 800, bado ina mistari yake, ila haing'ai kama ya Tycho. Eratosthenes, jirani ya Copernicus, imekwisha kuipoteza.

Kwa hiyo Tycho ni changa. Jirani yake wa kusini, Clavius, ina upana wa zaidi ya kilomita 200 na imechakaa, imejaa kasoko nyingine ndani yake. Nyanda za juu zote ziko hivyo: kasoko juu ya kasoko. Tycho ni mgeni aliyefika jana katika mtaa wa wazee.

Na hapa ndipo penye kiini cha niliyokuja kuyasema. Nyanda za juu ni zile sehemu nyeupe za Mwezi, na zinachukua zaidi ya asilimia 80 ya uso wake wote. Bahari zile nyeusi ni lava iliyotoka baadaye. Anayetaka kujua Mwezi ulianzaje hana budi kuzijua nyanda za juu. Lakini nyanda za juu zimefunikwa na vifusi vya miaka bilioni nne. Utawezaje kuona kilicho chini? Utatafuta mahali ambapo kifusi kimepasuliwa hivi karibuni. Utatafuta Tycho.

Waliokwenda kuitafuta hawakuwa watu. Kilikuwa chombo, Surveyor 7.

Marekani ilituma vyombo saba vya Surveyor kati ya mwaka 1966 na 1968. Viwili vilipotea. Vinne vya kwanza kufanikiwa vilitumwa bahari za Mwezi, kwenye ardhi tambarare, kwa sababu kazi yao ilikuwa kuhakikisha kwamba wanaanga wanaweza kutua salama. Vilipofanikiwa, kile cha mwisho kiliachiwa wanasayansi. Walipoulizwa wapi, walichagua Tycho. Ardhi ya Tycho ni ya hatari, imejaa mawe na vilima, na uwezekano wa kuanguka ulikuwa mkubwa. Hata hivyo tarehe 10 Januari 1968, Surveyor 7 ilitua salama kaskazini mwa kasoko, chini ya kilomita 30 kutoka ukingoni, juu ya vifusi vilivyotupwa na mgongano wenyewe.

Kifaa muhimu kuliko vyote kilikuwa kisanduku cha kupima kemia ya udongo, kazi ya Anthony Turkevich wa Chuo Kikuu cha Chicago na wenzake. Kisanduku hicho kilitakiwa kuteremka kwa kamba mpaka kiguse ardhi, kisha kiupige udongo kwa chembe za alfa, ambazo ni chembe ndogo mno za mionzi, na kupima jinsi zinavyorudi. Amri ikatumwa. Kisanduku kikaanza kuteremka. Kikakwama hewani.

Mngefanya nini? Fundi yuko umbali wa kilomita 380,000. Lakini Surveyor 7 ilikuwa na mkono wenye koleo dogo la kuchimbia mifereji, ukiongozwa na Ronald Scott na Floyd Roberson. Mkono ule haukutengenezwa kwa kusukuma visanduku. Wakapanga kila hatua, wakijua kwamba wakikosea kidogo wanaweza kukivunja kifaa walichokuja nacho kutoka mbali kote huko. Wakatuma amri moja, wakangoja picha. Wakatuma nyingine, wakangoja. Koleo likakishika kisanduku, likakisukuma, mpaka kikagusa ardhi ya nyanda za juu. Baadaye walikiinua tena kwa koleo lilelile, wakakihamisha juu ya jiwe, kisha wakakipeleka kwenye udongo uliochimbwa, na jua lilipokizidi wakakitilia kivuli kwa mkono huo. Nawaambieni vijana mnaopenda ufundi: someni habari za koleo lile.

Surveyor 7 ilifanya mengine pia. Ilituma zaidi ya picha 20,000. Kamera yake iliona miale ya leza iliyorushwa kutoka vituo viwili vya Marekani, Kitt Peak na Table Mountain, ikaonekana kama vinukta vya mwanga kwenye upande wa Dunia uliokuwa gizani. Lakini niruhusuni nibaki kwenye kile kisanduku.

Kisanduku kilisema nini? Kilisema kwamba mwamba wa Tycho una chuma kidogo kuliko mwamba wa bahari, na una alumini nyingi zaidi. Basi. Tarakimu chache tu katika ripoti. Nani angejua kwamba tarakimu hizo zitabadilisha historia ya Mwezi?

Julai 1969 Apollo 11, chombo cha Marekani chenye wanaanga, ikatua katika Bahari ya Utulivu, mbali kabisa na Tycho. Wanaanga wakaleta mawe meusi ya lava na vumbi. John Wood na wenzake huko Cambridge, Massachusetts, walilichambua vumbi hilo punje kwa punje. Nyingi zilikuwa nyeusi, kama ilivyotarajiwa. Ila chache zilikuwa nyeupe. Punje nyeupe katika bahari nyeusi! Walizipima wakakuta ni anorthositi, mwamba uliojaa madini mepesi ya felspa, wenye alumini nyingi na chuma kidogo. Zimetoka wapi? Wakafikiri: zimerushwa na migongano kutoka nyanda za juu. Na ushahidi kwamba nyanda za juu zina kemia hiyo ulikuwa wapi? Ulikuwa Tycho, katika tarakimu za kile kisanduku kilichookolewa kwa koleo. Maana ya punje zile ilieleweka kutokana na tarakimu hizo.

Wakaenda hatua moja mbele. Felspa ni nyepesi. Ili ijikusanye juu kwa wingi kiasi cha kuufunika Mwezi wote, lazima mwanzoni Mwezi uwe ulikuwa umeyeyuka, kwa kina cha mamia ya kilomita. Madini mazito yakazama, felspa ikaelea, ikaganda ikawa gamba. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vyaundwa. Gamba jeupe mnaloliona usiku wa mwezi mpevu ni kitu kilichoelea juu ya bahari ya mwamba wa moto, zaidi ya miaka bilioni 4 iliyopita. Januari 1970 walipoyatangaza hayo huko Houston, wengine wa Chicago wakiongozwa na Joseph Smith walikuwa wamefikia wazo hilohilo kwa njia yao.

Wazo hilo halikuachwa bila kujaribiwa. Aprili 1972 Apollo 16 ilitua kwenye nyanda za juu zenyewe, karibu na kasoko ya Descartes. Wanajiolojia wengi walitarajia miamba ya volkano pale. John Young na Charles Duke waliokota, wakaokota, na walichokuta kwa wingi ni mawe yaliyovunjwa na migongano na kuunganishwa tena, mengi yakiwa na ile felspa nyeupe. Na Agosti 2023, Chandrayaan-3 ya India ilitua kusini zaidi ya Tycho, kwenye latitudo ya karibu digrii 69 kusini, gari lake dogo likaupima udongo mahali kadhaa. Likakuta kemia inayolingana na gamba lilelile lililoelea. Miaka 55 baada ya koleo la Surveyor 7.

Limebaki jambo la umri. Nimesema Tycho ni changa. Changa kiasi gani?

Hakuna mtu aliyekanyaga Tycho. Hakuna jiwe lililookotwa pale kwa mkono. Lakini Tycho ilirusha mawe yake mbali. Desemba 1972, Eugene Cernan na Harrison Schmitt wa Apollo 17 walitua katika bonde la Taurus-Littrow, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka Tycho. Schmitt alikuwa mwanajiolojia, wa pekee aliyefika Mwezini. Katika bonde hilo kuna kundi la kasoko ndogo, na chini ya mlima wa kusini kuna maporomoko ya udongo mweupe. Ule mpangilio ulielekeza kwa Tycho: mawe yaliyorushwa kutoka kule yalianguka juu ya mlima na bondeni, yakachimba kasoko zile, yakauporomosha udongo.

Umri wake ukapimwa kwa njia ambayo mimi naiona nzuri ajabu. Jiwe likiwa limezikwa, mionzi ya kosmiki kutoka angani haifiki ndani yake. Likifunuliwa, mionzi inaanza kulipiga na kuumba ndani yake atomi mpya za gesi, kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka. Hesabu atomi hizo, utajua jiwe limekaa wazi kwa muda gani. Mawe ya kasoko zile na udongo wa maporomoko yalitoa jibu la takriban miaka milioni 108. Hapa duniani zilikuwa enzi za dainosari.

Lakini oneni jinsi jibu hilo lilivyo na masharti. Ni kweli tu ikiwa maporomoko yale yalisababishwa na Tycho. Wapo wataalamu wanaoona kwamba huenda matetemeko ya Mwezi yalichangia, kwa kuwa kuna ufa mkubwa wa ardhi unaolikata bonde lile. Kwa hiyo tarehe maarufu kuliko zote za kasoko changa imesimama juu ya mnyororo wa hoja.

Na tarehe ikitikisika, mengine hutikisika nayo. Mwaka 2007 kundi la wanasayansi lilipendekeza kwamba asteroidi kubwa ilivunjika miaka milioni 160 iliyopita, ikaacha familia ya asteroidi inayoitwa Baptistina, na kwamba kipande kimoja kilichimba Tycho na kingine kilichimba Chicxulub, lile shimo la Mexico linalohusishwa na kutoweka kwa dainosari miaka milioni 66 iliyopita. Habari hiyo ilienea dunia nzima. Mwaka 2011, vipimo vya darubini ya angani ya WISE vilionyesha kwamba kuvunjika huko kulitokea karibu miaka milioni 80 tu iliyopita. Kama ni hivyo, Tycho ya miaka milioni 108 ilikuwepo tayari. Mtoto hawezi kumtangulia mzazi wake kuzaliwa.

Mtaniuliza, tarehe ya shimo moja ina faida gani? Ina faida kubwa. Umri wa sehemu nyingi za Mwezi, na hata za Mirihi na Zebaki, unakadiriwa kwa kuhesabu kasoko: penye kasoko nyingi ni pakongwe, penye chache ni pachanga. Lakini ili uzigeuze hesabu kuwa miaka, unahitaji mahali ambapo umri umepimwa kwa mawe. Mawe ya Apollo yalitupa umri wa sehemu za miaka bilioni 3 kwenda juu, kisha pengo kubwa. Desemba 2020 chombo cha China, Chang'e 5, kilileta kilo 1.7 za udongo wenye lava ya miaka bilioni 2, kikajaza sehemu ya pengo. Upande wa miaka ya karibu, tegemeo letu ni kasoko chache kama Copernicus na Tycho, na zote mbili tumezipima kwa vumbi lililookotwa mbali nazo.

Sakafu ya Tycho imefunikwa na mwamba ulioyeyuka siku ya mgongano. Mwamba ukiyeyuka hupoteza gesi ya argoni iliyokuwa ndani yake, ile inayojikusanya mwambani kadiri miaka inavyopita, na hivyo saa yake inaanza upya. Kilo moja tu ya mwamba huo, ikiletwa kwenye maabara, itatuambia siku ya Tycho bila kupitia bonde la Taurus-Littrow wala maporomoko ya mtu yeyote. Na jiwe kutoka kwenye kilele litatuonyesha gamba lilivyo kilomita nyingi chini. Kutua ndani ya kasoko ile ni kugumu kuliko kule kwa Surveyor 7, na kuondoka na mzigo ni kugumu zaidi. Chang'e 5 imeonyesha kwamba kazi ya kuchota na kurudi inaweza kufanywa na chombo kisicho na mtu. Kinachotakiwa ni mtu wa kulichagua shimo lile tena, kama walivyolichagua wale wa mwaka 1968, na kuukubali ugumu wake.

Asanteni kwa kunisikiliza. Sasa nakaribisha maswali.